Mtaa Uliotwanga Vinu Vitupu

Nchi ya Sitarani msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Wachora ramani waliwahi kufika huko, wakapokewa vizuri, wakalishwa wakashiba, kisha wakaombwa kwa adabu wageuze nyuso zao ukutani, maana si vizuri kuangaliaangalia nyumba za watu. Wakaondoka na karatasi nyeupe. Kwa hiyo Sitarani ipo, ina bendera, ina wimbo wake, ina mawaziri wengi kupita mahitaji, ila haionekani, na wenyewe wanasema hiyo ndiyo heshima.

Jambo la kwanza analofundishwa mtoto wa Sitarani, kabla hajajua kufunga kamba za viatu, ni adabu ya kinu. Ukisikia mke wa jirani analia kwa kipigo, usichungulie, usiulize, na Mungu apishe mbali, usiende kubisha hodi. Toa kinu chako uani, shika mchi, utwange. Si lazima kuwe na kitu ndani yake. Kinu kitupu ndicho kinachosifiwa zaidi, kwa sababu mdundo wake unafika mbali na hakimwagi kisamvu. Wa kwanza kutwanga ni jirani wa ukuta mmoja, na wengine wote humngoja yeye, maana kumtangulia ni kujifanya una masikio makali kuliko mwenye zamu. Mtatwanga mpaka kwa mwenzenu kutulie, mtarudisha vinu mahali pake, na kesho mkikutana bombani mtamwuliza ameamkaje, naye atasema ameamka salama.

Huko kwao kunaitwa kumsitiri mtu. Mgeni mmoja aliwahi kuuliza kwa nini wasimzuie anayepiga, wakamtazama kwa huruma. Yale ni mambo ya ndani, wakamweleza, na wao wako nje.

*

Sikudhani aliingia Mtaa wa Heri akiwa bibi harusi wa Bwana Matimbwa, fundi cherehani wa sare za shule. Ungemwuliza mtu yeyote pale mtaani habari za Matimbwa, angekwambia huyo ni mtu wa watu, na asingekuwa amedanganya. Matimbwa hakukosa msiba, alitia bega chini ya kila jeneza, na hakupita mlangoni kwa mtu bila salamu. Siku za kawaida salamu zake zilikuwa fupi. Zilikuwepo siku nyingine, mteja amemdharau, au kitambaa kimekatwa vibaya, au hakuna lolote ila roho yake tu, na siku hizo salamu zake zilirefuka. Angesimama kwa kila mmoja. Angeulizia watoto, goti linalouma, shemeji aliyesafiri, mbuzi aliyezaa mapacha. Mtaa mzima ulikuwa umeshaisoma tabia hiyo. Matimbwa akianza kukuulizia mbuzi, wewe nenda katafute mchi.

Ndiyo maana katika Mtaa wa Heri, kwa uhodari usioonekana mahali pengine popote nchini, vinu vilianza kudunda kabla ya kofi la kwanza. Aliyeanza alikuwa Bi Mwatime, mjane wa ukuta mmoja, mwenye mikono ya nguvu na sifa ya kutwanga kuliko wote. Sikudhani akiwa jikoni angesikia mchi wake ukidunda upande wa pili wa ukuta, halafu vingine vikiitikia, na hapo angejua mumewe amekunja kona. Angezima jiko kwanza, asije akapigwa kwa hili na baadaye akapigwa tena kwa wali kuungua. Kisha angesimama katikati ya chumba, mbali na kabati la vyombo, angoje.

Maumivu ya mwili aliyazoea, kama kuna mtu anayeyazoea. Kilichomchoma ni ule uhodari. Hawa watu walijua. Walijua kabla yake, walijua vizuri kuliko yeye, na ujuzi wao wote ulikuwa ukimiminwa ndani ya vinu visivyo na kitu. Alipokuwa akilia, hata yeye mwenyewe hakuisikia sauti yake.

Halafu kulikuwa na habari ya Mwanakheri wa nyumba ya kona. Mwanakheri alitwangiwa tangu alfajiri mpaka jua likawa juu, na watu walipochoka na kupumzisha mikono, kwake kulikuwa kimya kabisa. Serikali ilichunguza na kutangaza kwamba marehemu alianguka kwenye ngazi. Nyumba ile haikuwa na ngazi. Serikali, ambayo haipendi kumbukumbu zake ziwe na kasoro, ilileta mafundi wakajenga ngazi pale sebuleni, nzuri, ya saruji, ikapanda mpaka darini ikaishia hapo. Matimbwa alitia bega chini ya jeneza, na aliporudi nyumbani alimwambia mkewe kwamba Mwanakheri alikuwa mzembe wa kutazama anapokanyaga.

Sikudhani alimtazama mumewe akila chakula chake kwa raha, akaingiwa na hofu ambayo haikumtoka tena. Alielewa kwamba siku moja watajenga ngazi na kwake.

*

Asubuhi moja Sikudhani alikwenda kituo cha polisi, jicho limevimba na mkono ameufunga kwa khanga. Hapo mtaani watu walimpisha njia huku wakitazama angani, kuona kama mvua itanyesha.

Kwenye Dawati la Utulivu wa Nyumba alikuwapo Koplo Mtengeti, kijana msafi, mpole, aliyesomea kazi yake. Alimkaribisha kiti. Alimpa maji ya kunywa. Alisikiliza mwanzo mpaka mwisho bila kumkatiza, na Sikudhani, ambaye hakuwahi kumaliza sentensi ya namna hiyo mbele ya mtu, alianza kutetemeka kwa matumaini. Kisha koplo alimweleza sheria, pole pole, kama mtu anayempa mgonjwa dawa chungu.

Sheria ya Sitarani, alisema, inatambua kabisa kwamba kupigana majumbani kunaweza kuwa tatizo la jamii. Serikali haikufumba macho. Ila ili jambo liwe tatizo la jamii, ni lazima jamii iwe imelisikia. Likiwa halikusikika, bado ni la ndani, na la ndani ni la familia. Hakuhitaji mashahidi wengi. Jirani mmoja tu aje aseme, mimi nilisikia, na jalada litafunguliwa siku hiyo hiyo.

Sikudhani akasema majirani wote wanajua.

"Sikuuliza wanajua nini, mama," koplo akasema. "Sheria inauliza walisikia nini."

Basi wakaitwa majirani, mmoja mmoja, wakaapa. Uzuri wa watu wa Sitarani ni kwamba ni wakweli. Kila mmoja aliulizwa kama siku ile alimsikia Sikudhani akilia, na kila mmoja akajibu kwamba hapana, hakusikia, alikuwa anatwanga. Bi Mwatime aliulizwa alikuwa anatwanga nini. Akasema hakuwa anatwanga kitu. Koplo Mtengeti akaona jibu hilo halina tatizo lolote.

Kuhusu jicho, koplo alishauri aende hospitali, kwa kuwa macho ni ya Wizara ya Afya. Hospitali nako walimhudumia vizuri sana. Daktari hakumwuliza amepatwa na nini, alimwuliza tu ni mlango gani, wa mbele au wa nyuma. Katika Sitarani milango ilikuwa imejeruhi wanawake wengi kiasi kwamba Wizara ilikuwa imeunda tume, na tume, baada ya safari ndefu za nchi za mbali kwenda kutazama milango ya wenzetu, ilitoa pendekezo kwamba kila mlango wa ndani uvikwe sponji. Mafundi walifika kwa Sikudhani wiki hiyo hiyo. Matimbwa aliwashukuru, akawapa soda. Aliupenda sana mlango mpya, maana sasa ukiufunga haukuwa na kelele.

*

Jirani mmoja tu. Maneno hayo ya koplo yalimkaa Sikudhani kichwani, akala nayo, akalala nayo. Siku moja Matimbwa alipokwenda kazini alizunguka ukuta akaingia uani kwa Bi Mwatime. Alimkuta akichambua mboga, akampigia goti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mkono unaendeleaje?"

Katika Mtaa wa Heri hakuna aliyewahi kuuliza swali hilo kwa sauti, na Bi Mwatime mwenyewe alishtuka kwamba limemtoka. Akainamia mboga zake haraka. Sikudhani akamwomba kitu kimoja. Hakutaka agombane na Matimbwa, hakutaka aje kubisha hodi. Alitaka siku ile itakapofika, asitwange. Akae tu kwenye kigoda chake, mikono mapajani. Kwa kuwa yeye ndiye wa ukuta mmoja, wengine wote watamngoja, na sauti itatoka.

Bi Mwatime alikataa, na alikataa kwa uchungu. Akasema anaombwa kitu kibaya. Watu watamwita mbea. Watasema amekaa anasikiliza mambo ya ndani ya watu kama anayesikiliza taarabu. Mbona yeye anamtwangia kwa mapenzi, tena kuliko anavyotwangiwa mtu yeyote mtaa huu, mpaka viganja vimeota sugu? Akavionyesha viganja vyake. Vilikuwa na sugu kweli.

Sikudhani akavitazama, akapandwa na hasira. Alitaka kumwambia kwamba viganja hivyo hivyo ndivyo vitakavyokuja kumfukia yeye kaburini. Lakini yule alikuwa bibi wa watu, mwenye mvi, na alikuwa akilia. Akaaga akaondoka.

*

Wakati huo huo, kule mji mkuu, Wizara ya Shibe ilikuwa imefanya ugunduzi.

Kwa miaka mingi Wizara ilikuwa ikijiuliza wananchi wanakula nini, swali ambalo kuwauliza wananchi wenyewe kungekuwa utovu wa adabu. Ndipo mtaalamu mmoja akawaza kwamba penye kutwanga pana chakula. Wakatundika vyombo vya kupimia midundo kwenye nguzo za umeme nchi nzima, kisha wakakaa ofisini wakisubiri. Majibu yalipokuja, Waziri aliinuka kitini. Mtaa wa Heri, ambao kila mtu alidhani ni wa watu wa kubangaiza, ulikuwa ndio mtaa unaotwanga kuliko yote katika Jamhuri. Asubuhi wanatwanga, jioni wanatwanga, sikukuu ndiyo usiseme.

Mtaalamu akachora picha ya midundo hiyo kwenye ukuta wa ofisi, na hapo pakaonekana jambo la ajabu zaidi. Midundo ilikuwa ikizunguka nyumba moja. Kinu cha karibu kinaanza, cha pili kinaitikia, vinasambaa duara mpaka mwisho wa mtaa, na katikati ya duara hilo pana nyumba ya fundi cherehani ambayo yenyewe haitwangi kabisa. Mtaalamu aliitazama picha hiyo kwa siku kadhaa. Mwisho akaandika kwamba mwenye nyumba hiyo ni mtu mwenye kipaji cha pekee cha kuwatia wenzake hamu ya kula.

Ndivyo Matimbwa alivyochaguliwa kuwa Baba wa Shibe wa Taifa.

*

Sherehe ilifanyika uwanja wa shule, mchana kweupe. Turubai zilisimamishwa, viti vya plastiki vikapangwa, na kila nyumba ya Mtaa wa Heri ikapewa zawadi ya kinu kipya cha mti mgumu, chenye nembo ya Wizara. Majirani walipangwa jukwaani na vinu vyao mbele, kama wapiga ngoma, Bi Mwatime akiwa wa kwanza kabisa, karibu na kipaza sauti.

Waziri wa Shibe alikuwa mtu mwenye shingo pana na subira ndogo kwa hotuba za wengine.

"Ndugu wananchi," alisema, "mimi nikiwa Waziri, na vilevile nikiwa mtu mwenye masikio, nasema hadharani kwamba sijawahi kusikia mtaa uliotulia kama huu. Nimeambiwa hapa hakuna ugomvi. Nimeambiwa hapa mtu hajui hata jirani yake anagombana vipi na mkewe, kwa sababu kila mmoja yuko kwenye kinu chake anaijenga nchi. Huo ndio utu wetu. Serikali yenu inasikia kila mdundo."

Watu wakapiga makofi. Matimbwa akavishwa nishani shingoni, akainama, akasalimia safu ya mbele yote, mmoja baada ya mwingine, kwa kirefu. Sikudhani, aliyekaa nyuma yake akiwa amevaa gauni la mikono mirefu kwenye joto lile, alisikia anamwulizia mke wa Waziri habari za watoto. Alijua jioni ile itakuwaje.

Mpangaji wa sherehe akatangaza kwamba sasa mama wa nyumba, ubavu wa Baba wa Shibe, atasema neno la shukrani.

Hilo hakulitegemea. Alisimama, akasogea mbele. Mbele yake walikuwa Waziri, wapiga picha, Koplo Mtengeti aliyekuja kulinda usalama, na mamia ya masikio ya Jamhuri, na hakukuwa na ukuta wowote kati yake na wao. Akafikiri kwamba kama kuna siku, basi ndiyo hii. Akashika kipaza sauti kwa mkono ule mzima.

"Mheshimiwa Waziri," akasema, na sauti yake ikakatika kidogo, "mume wangu ananipiga."

Sijui kama kuna aliyesikia zaidi ya neno la pili. Ile sauti kukatika tu ilitosha. Mkono wa Bi Mwatime ulinyanyuka bila kumwomba ruhusa mwenyewe, mchi ukashuka kwenye kinu kipya cha mti mgumu, na jukwaa zima likaitikia. Vinu vya Wizara vilikuwa na mdundo mzuri kuliko vile vya zamani. Sikudhani aliendelea. Alisema jicho, alisema mkono, alisema jina la Mwanakheri, alisema yote, mdomo wake ukifunguka na kufumba mbele ya watu wote, na hakuna kilichotoka. Waziri alitikisa kichwa kwa kufuata mdundo. Wapiga picha walipiga picha. Alipomaliza, vinu vikanyamaza kwa pamoja, na Waziri akasimama kumpongeza kwa maneno yake mazito.

*

Kesho yake Bi Mwatime alikuja uani kwa Sikudhani. Alimkuta amekaa chini, mgongo ukutani, kwa sababu jioni ya jana nishani haikumzuia Matimbwa lolote, na vinu vipya vilifanya kazi yao. Bibi akakaa naye chini, akiugulia magoti.

"Jana nilikuwa karibu nawe kuliko wote," alisema. "Sikusikia neno. Lakini mdomo nilikuwa nauona. Nikasema, mbona maneno haya nayajua? Kumbe ni yangu. Ni yale yale niliyokuwa nikiyasema mimi, mume wangu alipokuwa hai, na hawa hawa wakitwanga."

Sikudhani alikuwa akidhani yule bibi alizaliwa na mchi mkononi.

"Nilitwangiwa mpaka nikazeeka, mwanangu. Nikajua ndiyo huruma yenyewe. Kwa hiyo wewe nikakupa ile ile niliyopewa." Akavitazama viganja vyake. "Kumbe nilipewa kelele."

Hakuomba radhi, na Sikudhani hakumdai. Walikaa pale mpaka kivuli kikahama.

Siku iliyofuata Matimbwa alirudi mapema. Tangu mwanzo wa mtaa alikuwa akisalimia. Aliulizia goti, aliulizia shemeji, akaulizia mbuzi kwa majina yao. Kote vinu vikatolewa uani, michi ikainuliwa juu, watu wakamngoja Bi Mwatime aanze. Bi Mwatime alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, mikono mapajani. Wakangoja. Kumtangulia haiwezekani. Mtaa mzima ulisimama na michi hewani, mikono ikianza kuuma.

Ndani, Matimbwa alifunga ule mlango wa sponji, akavua koti. Akatega sikio. Kwa mara ya kwanza Sikudhani aling'amua kwamba hata mumewe alikuwa na mazoea ya kuvisubiri vinu. Vilipokawia akapandwa na hasira za kucheleweshwa, akampiga kofi la kwanza, na Sikudhani akalia.

Kilio kilitoka. Kilipita dirishani, kikapita uani, kikaenda mtaani kote, kizima, kikarudi kutoka kwenye ukuta wa nyumba ya kona. Sikudhani mwenyewe alikisikia, akashangaa kwamba ana sauti kubwa hivyo. Matimbwa alikisikia pia. Akabaki ameinua mkono, akitazama dirisha. Kisha akafungua mlango, akatoka mpaka barazani, akawakuta watu wote wamesimama uani kwao wakimtazama.

"Bi Mwatime, shikamoo," akasema. "Mbona kimya? Hamtwangi leo?"

"Marahaba, baba. Leo nasikiliza."

Aliwageukia wengine. Aliwaomba kwa majina yao watwange, hata kidogo tu, akawakumbusha misiba yote aliyobeba. Hakuna aliyejua atazame wapi. Na akiwa bado anasema, Sikudhani alipita nyuma yake na khanga yake begani, akatoka, akaingia kwa Bi Mwatime na kukaa ndani.

*

Unadhani mambo yaliishia hapo. Humjui Koplo Mtengeti, wala huijui Jamhuri.

Vile vyombo vya kwenye nguzo vilikuwa vimepima. Mtaa wa Heri, fahari ya taifa, umenyamaza jioni nzima, na katikati ya ukimya huo kikasikika kilio cha mwanamke. Wizara ya Shibe haikuhitaji mtaalamu wa kuitafsiri habari hiyo. Asubuhi yake Waziri alitangaza baa la njaa redioni huku sauti ikimtetemeka, na kabla ya saa ya chai malori yalikuwa yameshaingia. Sufuria za ugali na maharage zikapangwa kituo cha polisi ili kuwe na utaratibu. Nyumba ya Matimbwa ilipelekewa gunia zima la unga, akapewa yeye mkononi akiwa mkuu wa familia.

Bi Mwatime na Sikudhani walipofika kwenye Dawati la Utulivu, koplo alikuwa na mwiko mkononi.

"Nilisikia," akasema Bi Mwatime kabla hajakaribishwa kiti. "Mimi ni jirani wa ukuta mmoja. Mumewe alimpiga, akalia, nikasikia. Andika."

Koplo Mtengeti alifurahi kwa dhati, kisha akasikitika kwa dhati. Alikuwa na taarifa mpya kutoka juu. Mtaa wa Heri ni eneo la njaa, na imethibitishwa kwamba mtu mwenye njaa husikia sauti ambazo hazipo. Ushahidi wake haupokelewi. Isitoshe, anayetajwa ni Baba wa Shibe, na ingeonekana vibaya sana kumshtaki katikati ya janga. Aliwashauri wakale, wapumzike nyumbani, mambo yakitulia wataona.

Sikudhani alihisi machozi ya hasira yakimjaa. Alikuwa ameshafanya kila kitu walichomwambia. Alileta jicho wakamwambia si lao, alileta mkono, alileta mtaa mzima, na sasa ameleta sikio, lile sikio moja waliloliomba, nalo limeonekana lina njaa. Akainuka aondoke. Hakujua anakwenda wapi, maana kwake kulikuwa na Matimbwa na gunia lake.

Bi Mwatime akamshika nguo, akamketisha.

"Ugali uko wapi?" akamwuliza koplo.

Koplo akampakulia, na maharage juu. Bibi akanawa mikono, akala. Hakuwa na haraka. Alikula tonge baada ya tonge huku akimtazama koplo usoni, na koplo akakosa pa kuweka mwiko. Aliomba aongezewe, akaongezewa, akala hata na ukoko. Alipomaliza alinawa, akajifuta kwa upindo wa khanga, akasukuma sahani katikati ya meza ambapo kila mtu angeiona.

"Sasa nimeshiba, mwanangu," akasema. "Nilisikia. Andika."

Koplo Mtengeti alitazama sahani, akatazama kalamu yake. Katika mafunzo yake yote hakuwa amefundishwa nini cha kufanya na jirani aliyeshiba. Aliinua macho kutafuta mkubwa wake wa kazi, na badala yake akaona mlango wa kituo umejaa wanawake. Walikuwa wa Mtaa wa Heri, na nyuma yao wa mtaa wa pili, ambao hata vyombo vya Wizara havikuwa vimewapima, na mstari ulikuwa umekwenda mpaka barabarani.

"Na nyinyi mnataka nini?" akauliza.

Aliyekuwa mbele alikuwa na mdomo uliochanika, na sahani yake ameileta kutoka nyumbani.

"Tumekuja kula kwanza, afande," akasema.